Koo Lilipona Kabla ya Kichwa



Kuna swali ambalo limenifikia kwa simu, kwa ujumbe, na juzi kwa mdomo wa mama mmoja pale sokoni akinipimia karoti: "Pasta, ule moto wako wa zamani ulienda wapi?" Nimekuwa nikicheka na kusema moto uko, kuni tu ndizo zimepanda bei. Leo nataka kujibu kweli. Nivumilieni, kwa sababu jibu langu linapitia kwenye kriketi.

Najua. Kibirichia hatuna kiwanja cha kriketi. Sisi ni watu wa waru na kabeji, na mpira tunaoujua ni wa miguu. Lakini mwaka 2003 nilikuwa kijana wa miaka 22 katika chuo cha Biblia Nairobi, karo inanisumbua, nikapata kibarua cha Jumamosi katika klabu moja ya kriketi. Kazi yangu ilikuwa kusukuma lile roli zito la kulainisha uwanja, kubeba kamba ya mpaka na kupanga viti. Mzee aliyetusimamia alikuwa ametunza nyasi zile tangu kabla sijazaliwa, na ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo. Siku ya kwanza nilimwambia naona watu wamesimama tu. Akaniambia, "Kijana, hapo waliposimama ndipo mchezo ulipo."

Sikumwelewa. Nieleze kidogo kwa wasioujua mchezo wenyewe. Mrushaji anakuja mbio na kurusha mpira mgumu. Mpigaji anasimama umbali wa kama mita 20, ana gongo mkononi na vijiti vitatu nyuma yake, ambavyo ndivyo wiketi. Mpira ukigonga vijiti, ametoka. Mrushaji mwenye kasi akiuachilia, unamfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha. Kisha mrushaji anageuka, anatembea polepole kurudi alikoanzia, na mpigaji anangoja. Mtu anaweza kukaa uwanjani saa tatu au nne, na ukijumlisha muda ambao mpira ulikuwa hewani ukimjia haujai dakika chache. Muda mwingine wote yuko peke yake na mawazo yake.

Na hana nafasi ya pili. Mshambuliaji wa soka akikosa bao dakika ya 10, dakika ya 12 anajaribu tena. Mpigaji wa kriketi akikosea mara moja anavua glavu, anatembea mbele ya watu wote mpaka kwenye kiti, na hapo atakaa akiwatazama wenzake wakicheza, huku akiurudia mpira ule mmoja kichwani. Mzee yule alinionyesha jinsi wapigaji wazuri wanavyofanya kati ya mpira na mpira. Mmoja alikuwa anatoka kando hatua tatu, anagonga ardhi kwa gongo mara mbili, anavuta ukanda wa glavu, anarudi. Kila mara, vilevile. Nikauliza kama ni ushirikina. Mzee akasema hapana, anafunga mlango. "Mpira uliopita haumdai mtu."

Wapendwa, mimi nilisoma Wafilipi sura ya 3 kwa Kigiriki cha kuungaunga pale chuoni, pale Paulo anaposema juu ya yaliyo nyuma, na niliandika insha ndefu iliyopata alama nzuri. Lakini ni mzee wa nyasi aliyenionyesha mtu akilifanya jambo hilo kwa miguu yake.

Mwaka ule ule, Kombe la Dunia la kriketi lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache zikaletwa Zimbabwe na hapa kwetu. Wengine wenu mnakumbuka. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, tukapewa pointi, na hadi leo kuna watu wanaosema Kenya ilibebwa. Lakini Sri Lanka walikuja. Tarehe 24 Februari, pale Nairobi Gymkhana, Kenya ilipata mikimbio 210, na Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia 1996, wakaangushwa wote kwa 157. Aliyewaangusha ni kijana anaitwa Collins Obuya, aliyekuwa akirusha mpira wa kuzungusha kwa kifundo cha mkono. Wiketi 5 kwa mikimbio 24. Ule ni urushaji mgumu kuliko wote, na unategemea moyo uliotulia, maana vidole vikiingiwa na woga tu mpira unakwenda pasipotakiwa. Sisi wanafunzi tulijazana kwenye ukumbi wa chakula mpaka mpishi akatishia kuzima televisheni.

Kenya ilifika nusu fainali. Kabla ya hapo tulicheza na Australia kule Durban, na kuna mtu wa mechi ile ambaye sitamsahau. Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameshastaafu kriketi. Aliitwa arudi akiwa na miaka 39, mtu wa biashara ya bima. Asubuhi ya mechi hakuna aliyemtaja. Brett Lee alikuwa ameshaangusha wapigaji wetu watatu kwa mipira mitatu mfululizo, wa kwanza wao Kennedy Otieno, kaka yake Collins, ambaye mpira ulimgonga kiwiko ukabiringika mpaka kwenye vijiti huku yeye akianguka kwa maumivu. Wa tatu alikuwa David, ndugu yao mwingine. Kenya ikajikongoja mpaka 174. Ndipo Karim akapewa mpira, mbele ya timu iliyochukua kombe lile bila kupoteza hata mechi moja.

Alirusha ova 8 na mipira 2. Ova ni mipira sita. Katika ova 6 kati ya hizo hakutoa mkimbio hata mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3, mmojawapo nahodha wao Ricky Ponting. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim. Nilichokiona kwenye televisheni ile ni uso. Hakuwa na haraka. Mpira ukipita salama anarudi kwa mwendo uleule, na wiketi ikianguka anarudi kwa mwendo uleule. Karim si wa kanisa letu, lakini nimehubiri juu ya utulivu wa Isaka kwenye visima vya Gerari mara nyingi nikiwa nauona uso wake.

Sasa nirudi kwangu.

Mnajua nilihubiri vipi. Miaka mingi nilikuwa mtu wa sauti. Krusedi za Timau, Kiirua, Ruiri, hata jenereta ikizimika sikuhitaji maiki. Watu walisema pasta ana upako, na mimi nilijua wanamaanisha sauti, na sikuwasahihisha. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Desemba, tukiwa siku ya nne ya krusedi nje kwenye upepo wa mlima, sauti ilikatika katikati ya sentensi kama uzi. Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaniambia nikae kimya wiki sita, kimya kabisa, hata kunong'ona nisinong'one.

Nilikaa. Mama Mchungaji alininunulia daftari, nikawa naandika "chumvi" na "nani amepiga simu" kama Zakaria na kile kibao chake. Mliniombea, Mungu awabariki. Wengine walileta mafuta, mmoja alileta asali ya msituni, na mmoja, kwa nia njema, alinitajia jirani aliyeniroga. Baada ya muda daktari akatazama tena na kusema koo liko sawa.

Jumapili ya kurudi nilisimama, nikafungua kinywa, sauti ikatoka nyembamba na ikakwaruza neno la pili. Ilikuwa kitu cha sekunde moja. Kijana mmoja karibu na mlango akamgeukia mwenzake akacheka. Nikamaliza mahubiri, hakuna aliyejua lolote. Lakini tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa nane usiku nilikuwa naamka, mikono ina jasho katika baridi hii yetu, na ninachokisikia ni kicheko kile. Nikisimama madhabahuni macho yangu yanakwenda mlangoni kabla hayajaenda kwenye Biblia. Mara mbili nilimwomba mzee wa kanisa ahubiri nikisema nina homa. Sikuwa na homa. Naomba msamaha kwa hilo.

Nilijikemea. Nilifunga siku tatu. Nilikemea roho ya woga kwa majina yote ninayoyajua. Siidharau maombi hayo, ningali nayaomba, lakini nilikuwa nimekosea jambo moja: nilidhani kwa kuwa mimi ni mtumishi, kichwa changu hakiwezi kuumia kama kifundo cha mguu. Huko kwenye kriketi walilijifunza kwa uchungu. Marcus Trescothick wa Uingereza aliiacha ziara ya India mwaka 2006 akarudi nyumbani, na baadaye akaeleza waziwazi kwamba alikuwa ameshikwa na wasiwasi na huzuni nzito. Ben Stokes, mchezaji bora wa fainali ya Kombe la Dunia 2019, naye mwaka 2021 alisimama kucheza kwa muda ili aitunze akili yake. Hawa ni watu ambao mpira wa kilomita 140 kwa saa hauwatishi. Angekuwa mmoja wao ni muumini wetu, nafikiri tungemlaza chini tukamwekea mikono, halafu tungemlaumu kwa kutopona. Eliya alipolala chini ya mretemu akitaka kufa, siku chache tu baada ya Karmeli, Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi na mkate, mara mbili. Nimelisoma andiko hilo tangu Sunday school na sikuona ile "mara mbili" mpaka nilipolala hapo mwenyewe.

Nilikwenda kuongea na mshauri huko Meru mjini. Nimelisema. Nilikwenda mara tano.

Na katika zile safari za matatu nilikuwa namkumbuka Collins Obuya. Maana hadithi yake haikuishia Gymkhana. Baada ya 2003 alichukuliwa na klabu ya Warwickshire huko Uingereza, na mambo hayakumwendea. Goti likamsumbua, na ule mpira wa kuzunguka uliomfanya ajulikane duniani ukakosa makali yake. Fikirieni, mtu wa miaka 20 na kidogo, kila anayekutana naye anamuuliza juu ya wiketi tano, na mkono wenyewe haumtii tena. Angeweza kubaki mtu wa siku moja. Yeye akashika gongo. Akaanza kujenga jina upya kama mpigaji, kazi ambayo hakuwa ameisifiwa.

Tarehe 13 Machi 2011 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimeshaletwa huku kama pasta msaidizi. Baada ya ibada nilishuka hadi hoteli moja ya hapa kituoni, nikamsihi mwenyewe atafute kriketi, Kenya na Australia, kutoka Bangalore. Vijana wa kupakia waru walinung'unika wakitaka mpira wa kweli. Australia walikuwa wamepata 324, kwa hiyo hakukuwa na mtu aliyeota ushindi. Collins akacheza. Mpira mmoja, anatoka kando, anarudi. Mwingine. Chai yangu ilipoa. Wale vijana, ambao hawakujua hata sheria moja, walianza kuniuliza, "Pasta, huyu ana ngapi sasa?" Ova zikaisha akiwa na 98, hajaangushwa. Mikimbio miwili tu kabla ya mia moja, na Kenya ikapoteza. Mwaka huo huo akafanywa nahodha.

Wakati ule nilihuzunika kwa ile miwili iliyobaki. Niliuona kama wimbo uliokatwa kabla ya kibwagizo. Mwaka jana, nikiwa kwenye matatu kutoka kwa mshauri, ndipo niliiwaza ile 98 yenyewe, na mtu aliyeipata bila ule mkono wa 2003.

Kwa hiyo, mama wa karoti, na wengine mlioniuliza. Sauti ile haitarudi kama ilivyokuwa, na daktari ameniomba nisiitafute. Usiku wa Jumamosi bado kuna wiki naamka, ingawa zimepungua. Mtaniona kabla ya kuanza nikigonga Biblia kwa kidole mara mbili na kurekebisha mkanda wa saa. Mtoto wangu amegundua na ananiigiza nyumbani. Na wewe unayesoma hii ukiwa na kitu kama hicho, mwanafunzi, mwalimu, mama uliyepoteza kazi, njoo ofisini Jumatano mchana. Sitakuwekea mikono kabla hujamaliza kuongea.

Jumapili hii, ibada ya pili, tunasoma Luka sura ya 1, habari za Zakaria. Nitaongea polepole. Mliozoea kukaa nyuma karibu na mlango, nawaomba msogee mbele ili mnisikie.