BUYENZI SIKU YA IDI: WALIO HAI NA WALIOTANGULIA

Msafiri anayeingia Bujumbura kutoka Kigoma, kwa njia ya Manyovu, Nyanza-Lac na Rumonge, husindikizwa na Ziwa Tanganyika upande wa kushoto na milima upande wa kulia. Michikichi ya Rumonge humpungia mkono, wavuvi humwonyesha mukeke wabichi kando ya barabara, na baada ya muda joto la bonde humwambia kuwa mji u karibu. Wengi huishia madukani na hotelini katikati ya mji. Lakini mwenye ndugu hapumziki mpaka afike Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa tambarare, wenye njia zilizonyooka kama mistari ya daftari. Njia hizo huitwa kwa namba, na mtu akiulizwa kwao hutaja namba tu, naye muulizaji huelewa. Siku za kazi mtaa huu hutambulikana kwa mlio wa nyundo na harufu ya oili, kwa kuwa mafundi wa magari wa Buyenzi wanajulikana Burundi nzima. Gari lililoshindikana kwingine huletwa huku, likafunguliwa chini ya mwembe, na jioni likaondoka kwa miguu yake.

Mwezi wa Ramadhani unapoelekea ukingoni, mlio wa nyundo hupungua na wa cherehani huongezeka. Mafundi nguo hukesha. Watoto hupelekwa kupimwa kanzu na magauni. Kina mama hupanga foleni kununua mchele, viungo na mkaa, na kila mzee hutega sikio redioni kungoja habari ya mwezi. Mwezi ukishaandama, takbira husikika msikiti hadi msikiti, na usiku huo Buyenzi hailali.

ASILI YA MTAA

Kiswahili hakikuja Buyenzi kwa bahati. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani na Ujiji walifika katika fukwe za kaskazini za ziwa, ingawa Mfalme Mwezi Gisabo hakuwaacha wapenye nchi yake ya milimani. Wajerumani walipojenga boma lao Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, walikuja na askari na wapagazi wa makabila mengi, nao walielewana kwa Kiswahili. Wabelgiji wakaichukua nchi mwaka 1916, na baadaye wakawatengea Waafrika wa mji makazi yao, mbali na nyumba za Wazungu na za Waasia. Hivyo ndivyo Buyenzi ilivyokuwa mtaa wa Waswahili: wajukuu wa Wamanyema, wa watu wa Ujiji na wa askari wa zamani, pamoja na Warundi walioingia katika Uislamu na katika maisha ya mji.

Wapigania uhuru pia walipata nguvu hapa. Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alipoongoza chama cha UPRONA, wakazi wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa wafuasi wake wa mwanzo na waaminifu. Aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, na wazee wa mtaa walimlilia kama mtoto wao. Kwa miaka mingi Idi ilisherehekewa na Waislamu wa Burundi huku ofisi za serikali zikiendelea na kazi. Tangu mwaka 2005 imekuwa siku ya mapumziko kwa taifa zima, na kwa watu wa Buyenzi jambo hilo lilikuwa sawa na kuambiwa hadharani: nanyi ni wenyeji.

ASUBUHI YA SIKUKUU

Alfajiri ya Idi kila nyumba huwa imekwisha kutoa zaka ya fitri, maana haifai mtu kushiba na jirani yake ana njaa. Wanaume kwa kanzu na kofia, wanawake kwa kanga na vitenge vipya, watoto wakiwa mbele kama vifaranga, wote huelekea kwenye sala. Baada ya hotuba watu hushikana mikono na kusameheana. Waliogombana mwaka mzima juu ya ukuta au deni hutazamana, wakacheka kwa haya, wakayamaliza.

Kutoka hapo njia hugawanyika. Watoto hukimbilia nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi. Wanawake hurudi jikoni, ambako pilau imefunikwa na makaa juu ya kifuniko. Lakini watu wazima wengi huelekea kwanza makaburini. Husimama kimya, wakawasalimu waliolala pale, wakawaombea dua, wakang'oa magugu yaliyoota wakati wa mvua. Aliyezika mama yake mwaka huo hukawia kuliko wengine, na wenzake humngoja bila kumharakisha.

Wapo pia wasio na kaburi la kwenda. Hao Buyenzi ni wengi, na ndio sababu Idi ya huku ina uzito wake wa pekee.

MIAKA ILIYOACHA PENGO

Burundi imepita katika maji mengi. Mwaka 1972 maelfu kwa maelfu ya watu walikamatwa na kuuawa, na wengine wengi wakakimbilia Tanzania, wakafungua mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Mitaa ya Bujumbura ikaanza kugawanywa kwa kabila. Buyenzi ilikaa muda mrefu ikiwa na watu mchanganyiko, na Waislamu wake wengi walikataa kuulizana kabila, wakawaficha majirani vyumbani mwao. Hata hivyo, mwezi Machi 1995 mapigano yaliingia Bwiza na Buyenzi. Watu wengi waliuawa, na maelfu walivuka mpaka kwenda Zaire. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na amani ikarudi polepole. Mwaka 2015 machafuko mengine yakawaondoa watu kwao, na meli ya zamani ya Liemba ikawabeba wakimbizi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Kwa hiyo jamaa moja ya Buyenzi huweza kuwa na tawi Kigoma, tawi Uvira na tawi ambalo halijulikani liliko. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya jamaa hizo ni nyumba ya bibi siku ya Idi.

JINA LILILOWEKWA KATIKATI

Hebu itazamwe nyumba moja, ambayo mfano wake si mmoja katika mtaa huu. Ina vyumba vinne, ua wenye mwembe, na bibi aliyepita miaka 75. Dada yake amefika jana kutoka Kigoma akiwa na dagaa na mawese. Mjukuu wake, askari jeshi, amepata likizo ya siku tatu. Mkeka umetandikwa, ubani umewashwa, na kabla ya pilau kupakuliwa itasomwa dua.

Desturi ya nyumba hiyo ni kutaja majina. Kwanza hutajwa waliotangulia: mume wa bibi, wazazi wake, mtoto aliyekufa kwa surua. Kisha hutajwa walio safarini, ili Mungu awarudishe salama. Na kila Idi tangu mwaka 1995, jina la mwanawe wa kwanza limetajwa miongoni mwa walio safarini. Alitoka nyumbani asubuhi moja ya mwezi Machi, akasema anavuka kwenda Uvira na kwamba angerudi hali ikitulia. Hakurudi, na hakuna aliyeuona mwili wake. Kanzu yake imo sandukuni, imekunjwa na karafuu.

Mwaka huu mwanawe mdogo, ambaye naye sasa ana mvi, aliinamisha kichwa akasema, "Mama, miaka imekuwa mingi. Tumsomee ndugu yangu hitima kama wasomewavyo watu. Watoto wake wapate kujua kuwa msiba umekwisha."

Ua ulinyamaza. Mke wa aliyepotea, ambaye hakuwahi kukaa eda wala kuolewa tena, alitazama chini. Dada wa bibi alikumbusha kuwa Warundi huwa na siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, na kwamba msiba usio na mwisho huwala walio hai. Bibi akajibu kwa sauti ndogo, "Nikisema amekufa, na kumbe yu hai mahali, nitakuwa nimemuua mimi."

Hapo mjukuu askari akaomba ruhusa ya kusema. Alikuwa Somalia, miongoni mwa wanajeshi wa Burundi waliotumwa huko chini ya Umoja wa Afrika kuanzia Desemba 2007. Wenzao wengi walianguka huko, wakiwemo wale wa Leego mwezi Juni 2015 na wa El Baraf mwezi Mei 2022. Alieleza jinsi alivyowasindikiza wazazi wa rafiki yake siku jeneza lilipowasili limefunikwa bendera. "Bibi," alisema, "walilia sana, lakini walijua mahali pa kulilia. Wapo wengine waliobaki wanatazama mlango kama wewe. Sikwambii uchague. Nakuambia tu kwamba kumwombea hakumdhuru aliye hai, na kunamfaa aliyekufa."

Bibi alikaa kimya muda mrefu, akipitisha tasbihi vidoleni. Mwishowe akasema, "Basi mwekeni katikati. Mkimaliza waliotangulia, na kabla hamjaanza walio safarini, mtajeni peke yake. Mungu anajua aliko, atampa fungu lake."

Ikafanyika hivyo. Jina lilitajwa peke yake, na wote wakaitikia amina, sauti ya mkewe ikisikika juu ya nyingine. Kisha sufuria likafunuliwa.

SAHANI YA JIRANI

Mchana wa Idi pilau ya Buyenzi haili ndani ya nyumba moja. Sahani zilizofunikwa kwa kitambaa hupita njia hadi njia, na nyingi huingia kwa majirani Wakristo, ambao nao siku ya Noeli hurudisha sahani zikiwa zimejaa. Hakuna anayeandika hesabu, ila hakuna anayesahau. Sahani hizo zina historia yake. Katika miaka mibaya, aliyegonga mlango usiku alifunguliwa na yule aliyewahi kula naye, na jirani wa karibu akawa bora kuliko ndugu wa mbali.

Sahani moja huwekwa kando kwa aliye kazini. Askari polisi anayelinda njia wakati wenzake wanasali, na mwanajeshi aliye kambini mbali na wanawe, wana haki ya sikukuu kama watu wengine. Mke wa askari anajua kula Idi kwa nusu: mkono mmoja unapakulia watoto, mwingine unashika simu.

Burundi bado inawatafuta watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki katika mkoa wa Karusi na kutangaza kuwa imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Ndugu walifika kutambua nguo, viatu na rozari. Wapo walioondoka na jibu baada ya miaka 48, na wapo walioondoka kama walivyokuja. Kwa hao wa pili, nyumba kama ile ya Buyenzi ina funzo la kuwapa. Mwenye msiba asiharakishwe, wala asiachwe peke yake. Jina litajwe mbele ya watoto, ili wajue wametoka kwa nani. Na anayeweza kusafiri siku ya sikukuu asafiri, kwa maana wazee wanaokumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka.

Jioni, mwanga wa jua unapotua nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, watoto wa Buyenzi huhesabu sarafu zao chini ya miembe. Dada wa bibi hufunga mzigo wake wa kurudi Kigoma. Askari hupiga kiatu rangi kwa safari ya asubuhi. Na bibi hulifungua sanduku, akaikung'uta ile kanzu, akabadilisha karafuu, akaikunja tena.