Meno ya Sungura Wangu

Katika hadithi tulizosimuliwa utotoni Kipini, Sungura hakosi neno la kusema. Humshinda Fisi, humlaghai Simba, na kinywa chake ndicho silaha yake. Sikupata kusikia hata hadithi moja isemayo kuwa kinywa hicho chaweza kumwua mwenyewe. Nilijifunza hayo mwaka 2001, nilipokuwa na umri wa miaka 12.

Mjomba wangu alinipa sungura jike mweupe. Nilimjengea kizimba cha fito za mikoko nyuma ya jiko, nikamlisha kwa mapenzi mengi na maarifa machache: makombo ya wali, maganda ya maembe, vipande vya mkate. Majani nilimpa nilipokumbuka. Mto Tana huingia baharini hapo hapo kwetu, na kingo zake zimejaa nyasi. Kwa hiyo uvivu wangu haukuwa na udhuru.

Siku moja aliacha kula. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mate. Hulisogelea jani, hulinusa, kisha huliacha. Nilipomfunua mdomo niliona meno mawili ya chini yametokeza nje mfano wa pembe, na ya juu yamejikunja kuelekea ndani. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, mnyama asiyekula haponi. Heri achinjwe angali hai."

Sikukubali. Nilichukua koleo la kukatia nyaya, nikaenda kizimbani peke yangu. Jino halikukatika, lilipasuka. Ufa ulishuka mpaka ufizini, damu ikatoka, naye hakulia. Sungura huficha maumivu yake, na kimya kile kilinitesa kuliko kelele yoyote.

Kesho yake mjomba alinipeleka Garsen, kikapu mapajani. Daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na mbuzi, hakunicheka. Alimviringisha sungura kwa kitambaa akabaki uso tu, akamulika kinywa kwa kurunzi. Alinieleza kwamba sungura ana meno 28, nayo yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 au zaidi kila juma. Hupunguzwa kwa kusagana, na magego huhitaji nyasi ngumu, kutwa kucha. Meno ya mbele yasipokutana sawasawa, hapana kinachoyazuia. Koleo hulibana jino kabla ya kulikata, ndiyo sababu hupasuka mpaka penye mishipa ya damu na fahamu. Lililo salama ni kisahani kidogo kizungukacho kwa kasi, ulimi ukikingwa. Yeye hakuwa nacho. Alilainisha kwa tupa ndogo, kwa subira nisiyoisahau, akanipa dawa ya usaha.

Nilimwuliza kama wali wangu ndio uliomharibu. Alijibu kwamba wali haukumfaa, lakini taya lililopinda namna ile mara nyingi hurithiwa, nisimzalishe. Jibu hilo lilinipunguzia nusu ya hatia. Nusu ya koleo ilibaki.

Tangu hapo, kila majuma matatu au manne tulirudi Garsen. Nauli ilitoka katika maembe niliyouza, na yalipokwisha msimu, katika mfuko wa mjomba, ambaye hakunung'unika ila mara moja. Sungura alinenepa. Alijifunza kunitambua kwa hatua zangu, au hivyo nilipenda kuamini.

Kisha ikaja masika ya 2002. Maji yalijaa, barabara ikafungwa. Nilimkatia nyasi laini nyembamba kama nyuzi, na kila asubuhi nilipima meno yake kwa ncha ya kidole. Yalikuwa yakienda, na mimi nimekwama. Ikafika siku hakuweza hata kumeza uji. Koleo lilikuwa bado limetundikwa ukutani. Nililitazama mara mbili, nikaliacha.

Nikamwendea bibi, nikamwomba amwite mjomba aje na kisu. Nilimshika sungura mimi mwenyewe, kwa kuwa mikono yangu ndiyo aliyoizoea.