Kichaka kilichopinda barabara

Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikafika kwetu Kitangari, nasi wanafunzi tukatolewa darasani kushika kamba za kupimia viwanja na barabara. Kamba yangu ilielekea moja kwa moja kwenye kichaka cha makaburi.

Mgeni angekiona pori tu. Sisi tulijua wamelala mle wakulungwa, yaani wakuu wa chirambo chetu, eneo letu, na katikati ulisimama mti wa msolo. Mvua zikichelewa, mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkulungwa, alichutama shinani akamimina unga wa mtama kidogo kidogo mpaka ukasimama kama pia. Unga ukalazwa. Ukikutwa asubuhi haujabomoka, mahoka, mizimu ya wazee wetu, wamepokea. Ukibomoka, kuna neno limefichwa ukooni. Mle ndani hakuna aliyekata hata ufito wa banda la kuku. Wapo wanaosema dini ndiyo iliyoua matambiko. Lakini mjomba hakukosa msikitini siku ya Ijumaa.

Mambo za kupimia zilipigwa mchana, usiku zikang'olewa. Zikapigwa tena, zikang'olewa tena. Ndipo ofisa akaja na wanamgambo wenye mashoka. Mjomba hakubishana naye.

"Mwanangu," alimwambia, "anza wewe."

Ofisa akawageukia vijana wake. Wakatazama chini, maana waliozikwa mle walikuwa babu zao. Barabara ikapindishwa, na kona ile ipo mpaka leo.

Vichaka vingine havikupona. Wenyewe walihamishwa, vikabaki bila wa kuvisemea, vikaishia kuwa nguzo na kuni za vijiji vipya. Hata mikorosho iliachwa mbali na nyumba, magugu yakaimeza, kisha ubwiriunga ukamalizia: nchi iliyovuna tani 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka chini ya 20,000 katikati ya miaka ya themanini.

Sasa anayefyeka si ofisa, ni sisi. Mwaka 2017 kilo ya korosho ilipopita shilingi 4,000 mnadani, wajukuu walianza kupima kichaka kwa macho. Mahoka hawawatishi. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kiingizeni kichaka hiki kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla ya msimu wa kufyeka.