Chakula cha Kwanza cha Samaki wa Dhahabu

Katika nchi ya Japani, karibu na Nara, uko mji uitwao Yamatokoriyama, nao umejulikana tangu zamani kwa ufugaji wa samaki wa dhahabu. Samaki hao hawafugwi ili waliwe, bali ili watazamwe kwa uzuri wao. Husimuliwa ya kuwa waliletwa mjini mwaka 1724, mtawala Yanagisawa Yoshisato alipohamia huko kutoka nchi ya Kai. Baadaye askari wake, walioitwa samurai, wakaanza kuwafuga, maana mshahara wao ulikuwa mdogo, nao walitaka fedha za kuwalisha watoto wao. Walakini iliwapasa kwanza wajue kuwalisha watoto wa samaki, na kazi hiyo ni ngumu kuliko watu wadhanivyo.

Samaki jike hutaga mayai baridi inapokwisha. Kila yai ni dogo kama kichwa cha pini, nalo hunata majanini. Mfugaji huyaondoa upesi, akayatia katika maji mengine, kwa sababu wazazi wenyewe huyala. Maji yakiwa na joto la nyuzi 20 hivi, mayai huanguliwa baada ya siku 4 au 5.

Mtoto atokaye yaini ni mwembamba kama uzi, na urefu wake ni milimita 5 hivi. Hujibandika penye jani, akatulia kimya. Mtu asiyejua hudhani ya kuwa anakufa kwa njaa. Sivyo. Chini ya tumbo lake amebeba akiba, nayo ni kiini cha yai. Kwa muda wa siku 2 au 3 huishi kwa akiba hiyo tu. Wakati huo huo kinywa chafunguka, utumbo wapata njia, na kifuko cha hewa chajaa. Ndipo aweza kuogelea.

Tena kuna ajabu nyingine. Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo kama alivyo nao mtu au mbwa, hata akiwa mzima. Chakula chake hutoka kooni, kikaingia utumboni moja kwa moja, wala hana mahali pa kuweka mlo mkubwa. Utumbo wa mtoto ni kama bomba fupi lililonyoka, na maji yake ya kuyeyushia chakula bado ni machache. Kiini kikiisha naye asipate chakula, hudhoofika upesi. Akila kisichomfaa, utumbo hujaa, lakini mwili haupati nguvu.

Hapo ndipo mfugaji mgeni hukosea. Huwahurumia watoto siku ile ile waanguliwapo, akawatupia unga wa mkate. Wao hawaugusi, kwa kuwa vinywa vyao havijawa tayari. Unga huzama, ukaoza, ukatia sumu katika maji, na asubuhi huwakuta wengi wamelala chini ya chombo, wamekufa. Huruma yake haikuwa na maarifa.

Mfugaji ajuaye kazi hungoja mpaka awaone wakiogelea wenyewe. Kisha huwapa vijidudu vya majini, vidogo hata macho hayavioni vema. Baada ya siku chache huwapa viroboto wa maji, ambao si viroboto hasa, bali ni viumbe wadogo wa jamii ya kamba, warukao majini. Akivikosa hivyo, huchemsha yai la kuku mpaka liwe gumu, akafunga kiini chake katika kitambaa, akakikamua majini kidogo sana. Lakini chakula kilicho hai ni bora, maana chacheza mbele ya macho ya mtoto hata akifuate, wala hakichafui maji upesi.

Hii ndiyo iliyokuwa bahati ya Yamatokoriyama. Katika nchi ile palikuwa na mabwawa mengi ya kunyweshea mashamba, nayo yalikuwa na viroboto wa maji kwa wingi. Askari maskini hakuhitaji kununua chakula cha watoto wa samaki. Alikwenda bwawani, akakivua.

Siku zikipita, utumbo hurefuka na kujikunja mpaka ukawa mrefu kuliko mwili, na samaki aweza kula vyakula vya namna nyingi. Walakini uzuri wake bado haujaonekana. Rangi yake ni ya kijivu, kama samaki wa mtoni, na hupita miezi kadhaa kabla ya dhahabu kutokea.

Mwaka 1871 tawala za namna ile zilikomeshwa katika Japani, na samurai wakapoteza kazi yao. Lakini ufugaji haukufa. Baadhi yao waliushika pamoja na wakulima, na hata leo mabwawa ya samaki wa dhahabu yapo mjini humo. Wahenga walisema, Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mnunuzi aonapo samaki anayeng'aa katika chombo cha kioo, na akumbuke ya kuwa hapo kwanza alikuwa kama uzi tu penye jani, na mtu fulani alijua kungoja, kisha akampa kidogo kwa wakati wake.