Nilimnyima Shangazi Dakika Tano

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijigamba kwamba nimeiona Louvre. Ukweli ni kwamba nilipita ndani yake mbio, nikimvuta mkono shangazi yangu, na lawama ni yangu peke yangu.

Tulitoka Brussels asubuhi na mapema kwa treni kwenda Paris, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya jioni hiyohiyo. Ratiba niliipanga mimi: Mnara wa Eiffel, Arc de Triomphe, Louvre, kisha Montmartre. Makumbusho ya Louvre, yaliyokuwa kasri la wafalme kabla ya kufunguliwa kwa umma mwaka 1793, niliyatengea saa moja na nusu. Foleni ya ukaguzi kwenye piramidi ya kioo ya kuingilia sikuitia hesabuni.

Tulipoingia, nilishaanza kuangalia saa. Nikafuata vibao vinavyoelekeza kwa Mona Lisa. Juu ya ngazi tukakutana na Ushindi wa Samothrace, sanamu ya mungu wa kike wa Kigiriki mwenye mabawa, asiye na kichwa. Shangazi akapunguza mwendo. Nikamwambia, "Tutaiona tukirudi." Hatukurudi kwa njia ile.

Mona Lisa ni picha ndogo: sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo. Nilijipenyeza katika umati hadi mbele, na zamu yangu ilipofika nikaipa mgongo, nikainua simu na kujipiga picha. Nimepanda treni hadi Paris kuitazama, halafu nafasi yenyewe nikaitumia kutazama uso wangu.

Shangazi hakunifuata kwenye umati. Alisimama upande wa pili wa ukumbi, mbele ya Harusi ya Kana ya Paolo Veronese, turubai lenye urefu wa karibu mita saba kwenda juu na upana wa karibu mita kumi. Shangazi amefundisha shule ya Jumapili tangu sijazaliwa, na habari za harusi ile anazijua kuliko anavyozijua za harusi yangu. Alikuwa akikagua nyuso moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," akaniambia, "Yesu nimemwona, mama yake nimemwona, na watumishi wenye mitungi ya divai ndio hao. Mbona bwana harusi simwoni?"

Nikamjibu, "Shangazi, treni itatuacha."

Treni haikutuacha. Tulifika stesheni mapema, tukakaa kwenye benchi kuisubiri. Yeye hakulalamika, na kimya chake kilinichoma zaidi.

Baadaye nilisoma habari za picha ile. Bwana na bibi harusi wapo: wamewekwa pembeni kabisa, mwisho wa meza upande wa kushoto. Veronese aliimaliza mwaka 1563 kwa ajili ya bwalo la watawa wa San Giorgio Maggiore, Venice, na askari wa Napoleon wakaichukua mwaka 1797. Watawa walikula chakula mbele yake kwa zaidi ya miaka 200. Mimi nilimnyima shangazi dakika tano.

Nilijaribu kujitetea kwamba muda ulikuwa mfupi. Utetezi huo haufai. Louvre huonyesha kazi zipatazo 35,000. Ukiipa kila moja sekunde kumi, utahitaji zaidi ya siku nne usiku na mchana, bila kula wala kulala. Hakuna mgeni anayeimaliza. Kwa hiyo kila anayeingia anachagua, na mimi nilichagua kitu cha kuwaonyesha watu simuni. Saa moja na nusu ingetosha kabisa kwa picha ile moja na sanamu ile moja, tukapumzika na kutoka tukiwa na mazungumzo ya njiani.

Shangazi nimemwomba radhi, na bwana harusi nimemwonyesha kitabuni. Ameniambia kitabuni ni kadogo mno.

Nawe ukijaliwa kufika huko, kumbuka Louvre hufungwa Jumanne. Kata mapema tiketi yenye saa ya kuingia, chagua vitu viwili au vitatu, na vingine viache bila majuto. Na mwenzako akisimama mbele ya kitu, usimvute. Simama naye, umuulize ameona nini.