MBA ya Wiki Sita Ilivyotaka Kula Hela ya Mdada wa Mjini

Mdada mmoja wa hapa Dar, jina kapuni, wikiendi ni MC wa kitchen party na send-off, katikati ya wiki ni afisa mauzo kwenye kampuni moja ya mjini. Ukimuona na maiki mkononi utadhani maisha yamenyooka. Kumbe kazini mwaka wa nne huu yuko palepale. Nafasi ya umeneja ikitangazwa wanataka MBA, na wenzake wenye cheti wanampita huku wanamsalimia.

Zamu yake ya mchezo ilipofika akapokea shilingi milioni 3 na nusu. Akasema safari hii hela haiendi kwenye magauni, inaenda shule. Sharti moja tu: masomo yawe ya mtandaoni, maana kazi haachi na maiki haiweki chini.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Haikupita wiki "chuo" kikamfuata chenyewe WhatsApp. MBA ya Marekani, wiki sita, dola 900, punguzo mwisho Ijumaa. Hakuna mtihani, hakuna transkripti, uzoefu wako wa kazi ndiyo masomo yenyewe. Kwenye tovuti kuna majengo ya matofali mekundu, wazungu ndani ya majoho, na nembo ya bodi eti imekithibitisha chuo.

Kilichomzuia kulipa ni stori ya jamaa wa ofisini kwao. Jamaa aliwahi kupost picha ya joho, watu wakamwaga hongera. Baadaye kampuni ikafanya uhakiki wa vyeti, HR wakamtaka alete barua ya TCU ya kuitambua shahada yake ya nje. Barua haikuja. Picha ikafutwa kimyakimya, na jamaa akaacha kazi kabla hajaitwa kikaoni. Mdada akamtafuta: "Kaka, ule mchongo ulikuwaje?" Akajibiwa, "Dada'angu, kile chuo hakikuniomba kitu chochote zaidi ya hela."

Biashara hii si ngeni. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za shule na vyuo hewa. Hata bodi za ithibati zilizoonyeshwa kwenye tovuti hizo nyingine zilikuwa za kutunga. Kwa hiyo usiishie kwenye nembo, uliza na hiyo bodi yenyewe inatambuliwa na nani.

Mdada akaanza upya. Chuo cha Marekani anakitafuta kwenye orodha ya CHEA au ya Wizara ya Elimu ya kule. Cha England, kwenye rejista ya Office for Students. Akikikuta huko anarudi nyumbani kuuliza TCU, maana ndiyo yenye kazi ya kutambua shahada za nje hapa Tanzania. Na anauliza kabla ya kulipa, siyo baada ya kuvaa joho. Nembo ya AACSB akaja kuelewa ni heshima ya ziada kwa shule za biashara. Vyuo vingi halali havina.

Kisha bei. MBA ya mtandaoni ya University of Illinois haidai GMAT, na kwa Marekani inahesabiwa nafuu, lakini inazidi dola 20,000. Ukipiga kwa shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya milioni 50, bei ya kiwanja. University of the People haitozi ada ya masomo, ila kuna malipo kwa kila kozi, na yote ni dola. Mwisho akatua Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama yeye, wanaosoma huku wanafanya kazi. Ada kwa shilingi, vituo vya mitihani mikoani.

Akidhani kamaliza, mlolongo ndiyo ukaanza. GPA alikuwa nayo 2.9, na vyuo vingi vya hapa kwa uzamili huanzia 2.7, kwa hiyo alipita kwa pumzi. Transkripti hakuwahi kuifuata tangu amalize digrii. Jina la kwenye cheti cha form four halikufanana na la kitambulisho cha NIDA, ikabidi aende kwa wakili kuapa. Wadhamini wawili wa kumwandikia barua: mmoja mwalimu wake wa chuo, wa pili bosi yuleyule aliyekuwa akimruka kwenye umeneja. Kumuomba bosi ndiyo ilimchukua siku tisa. Bosi akaandika, tena vizuri kuliko alivyotegemea.

Alilalamika miezi miwili mizima. Ila kila karatasi aliyosumbuliwa nayo ndiyo hiyohiyo HR wataidai siku ya uhakiki, na sasa zote zipo kwenye faili moja chini ya godoro. Hela ya mchezo imelipa kianzio na bando, na chenji imebaki.

Yule wa WhatsApp bado anatuma meseji. Punguzo, mwisho Ijumaa.