Askari wa Kirumi Sebuleni Kwetu

Likizo ya Desemba iliyopita kijana wetu mwenye umri wa miaka 12 alirudi kutoka Mpanda mjini na flashi mfukoni. Ndani yake alikuwa ameingiziwa filamu nane, na mojawapo ilikuwa Centurion, filamu ya Uingereza ya mwaka 2010 iliyoongozwa na Neil Marshall. Sisi wazazi wake hatukuuliza ni filamu za namna gani. Tuliona heri atazame hapa nyumbani Litapunga, mbele ya macho yetu, kuliko kuzurura kwenye vibanda vya video.

Siku ya Ijumaa baada ya Isha tuliketi sote kuitazama. Kisa chake kinaanzia mwaka 117 Miladia. Jeshi la Tisa la Kirumi linaingia kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza kupigana na kabila la Wapikti, linavamiwa msituni na kuteketezwa. Askari wachache walionusurika wanawindwa milimani penye theluji, na anayeongoza msako ni Etain, mwanamke aliyekatwa ulimi na Warumi utotoni baada ya jamaa zake kutendwa unyama. Damu inamwagika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nakala yetu ilikuwa imetafsiriwa kwa ule mtindo uliovuma nchini tangu enzi za Lufufu, msimulizi akizungumza Kiswahili juu ya picha, na kila upanga uliposhuka msimulizi huyo alitia mzaha. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu. Nasi, tuungame, tulicheka nao.

Hapo ndipo mzee jirani yetu alipobisha hodi, akifuata simu yake aliyoiacha ichajiwe kwenye sola yetu. Tulimpa kiti, tukamtengea chai. Alitazama kimya. Askari walipokuwa wakikimbia na wawindaji wako nyuma yao, alisema taratibu, kama anayezungumza na nafsi yake: "Wasivuke mto mchana. Wangoje giza."

Watoto wakacheka tena, wakidhani Babu naye ametia mzaha. Yeye akachukua simu yake, akaaga, akaondoka bila kuigusa chai.

Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba Litapunga iko katika Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi, upande wa makazi ya Katumba. Wazee wengi wa upande huu walitoka Burundi wakikimbia mauaji ya mwaka 1972. Tanzania iliwapokea, ikawapa ardhi ya kulima, na baada ya miongo kadhaa ikawapa uraia makumi ya maelfu miongoni mwao. Haya yote tulikuwa tukiyajua. Na jirani yetu huyu tumeishi naye miaka tisa, tumezikana, tumegawana mihogo na nyama ya Idi. Lakini hatukuwahi kumwuliza alifikaje.

Asubuhi yake tulichemsha chai nyingine, tukampelekea pamoja na kijana wetu, tukamwomba radhi. Mzee alitabasamu, akasema hakuna kosa. Kijana, baada ya kumwamkia, akauliza: "Babu, kwa nini wangoje giza?"

Mzee alimjibu kwa maneno machache. Wakati ule alikuwa na umri kama wake. Walitoka nyumbani watu sita. Mchana walilala katika nyasi, usiku wakatembea. Walipofika Mto Malagarasi, mama yake alimziba mdomo mdogo wake ili asilie. Waliofika ng'ambo walikuwa watatu. Hakutaja waliowaua wenzake, wala kabila lao. Jambo moja tu katika filamu yetu alilikosoa: "Panga halina kelele namna ile, mjukuu wangu. Kelele ni za watu."

Tulirudi nyumbani hakuna aliyesema neno.

Jioni kijana akauliza kama Warumi wale ndio waliotajwa katika Suratur-Rum, aliyoisoma madrasa. Tulimweleza kwamba historia haijui kwa yakini jeshi la Tisa liliishia wapi. Linalojulikana ni kwamba lilitoweka katika kumbukumbu za karne ya pili. Warumi wa sura ile ya 30 walikuja takriban karne tano baadaye. Hao ni watu wa dola ya mashariki, makao yake Konstantinopoli, waliokuwa wakipigana na Waajemi. Kisha tukafungua aya ya 9 ya sura hiyo hiyo, inayowahimiza wanadamu watembee katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliowatangulia, waliokuwa na nguvu kuwazidi. Aya hiyo tumeisoma miaka mingi tukiwaza magofu ya nchi za mbali. Kumbe hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu alikuwapo mtu aliyeona kwa macho yake nguvu za wanadamu huwafanya nini wanadamu wenzao, nasi hatukuwahi kwenda kumsikiliza.

Wazazi wenzetu, televisheni hatukuivunja. Filamu ile tuliifuta. Huko Uingereza ilipewa alama ya kuzuia walio chini ya miaka 15, lakini flashi haina alama. Sasa kila flashi hupitia mikononi mwetu kwanza, na linalofaa kutazamwa tunalitazama pamoja. Pakitokea mtu anauawa na msimulizi akacheka, tunapunguza sauti na kuulizana: huyu aliyeanguka ana mama?

Siku chache baadaye, akichota maji, kijana alisema ghafla: "Kumbe hata yule mwanamke asiye na ulimi, yeye ndiye aliyeonewa kwanza." Hatukumwongezea neno.

Mwenyezi Mungu awape subira waliovuka, na atusamehe sisi tuliocheka. Siku hizi kijana mwenyewe ndiye anayempelekea mzee simu yake ikishajaa chaji, na hukawia kurudi. Tunamwacha akawie.